Picha Haionyeshi Nyumba: Je, Hapakuwa na Watu?



Siku hizi hapa Bukavu picha za zamani zilizopigwa na ndege zimekuwa kama shahidi mkubwa. Kukiwa na ugomvi wa parsele, au mradi wa kupanda miti, au mjadala juu ya eneo la maporomoko ya udongo, mtu mmoja anafungua kompyuta, anaonyesha picha ya miaka ya 1950 na kusema: «Muangalie wenyewe, hapa hapakukuwa mutu.» Watu wote wananyamaza, sababu eti picha haisemi uongo. Mimi nasema picha inaweza kudanganya vizuri sana, na uongo wake mkubwa ni kunyamaza. Kama filamu haikuwa na uwezo wa kuonyesha nyumba ya majani, kutokuonekana kwa nyumba hakutuambii kitu chochote juu ya watu.

Njo maana leo nataka kukosoa namna ubora wa filamu hizi unavyopimwa. Mnaweza kuuliza agronomu anatafuta nini katika mambo ya kamera. Jibu ni rahisi: sisi tunaotembea milimani na wakulima ndio tunaopewa hizi picha zikiwa tayari na maana, na wakulima ndio wanaolipa kama maana ile iko na makosa.

Tuanze na vitu vyenyewe. Wakati wa ukoloni, Taasisi ya Jiografia ya Kongo ya Kibelgiji ilipiga picha za anga ili kutengeneza ramani. Sehemu kubwa ya picha hizo imehifadhiwa leo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na watafiti wamekuwa wakizipitisha kwenye skana. Upande mwingine, Marekani ilikuwa na satelaiti za upelelezi za Corona, zilizofanya kazi toka 1960 hadi 1972. Hazikutuma picha kwa redio. Filamu yenyewe iliangushwa ndani ya kapsula yenye parashuti, na ndege ikaidaka hewani karibu na Hawaii. Mwaka wa 1995 rais Clinton aliamuru picha hizo zitolewe kwenye siri, zaidi ya 860,000. Filamu ya mkoloni na filamu ya mpelelezi, zote mbili leo ni hazina kwa mtu anayetaka kujua udongo na misitu vilikuwaje zamani.

Sasa, ubora wake unapimwaje? Njia ya kwanza ni ya mafundi: unapiga picha ya mistari myeusi na myeupe iliyopangwa toka minene hadi myembamba, halafu unahesabu ni jozi ngapi za mistari zinaweza kutenganishwa ndani ya milimita moja ya filamu. Jeshi la anga la Marekani liliweka kibao cha mistari hiyo mwaka wa 1951, na mpaka leo kinatumika. Karibu na mji wa Casa Grande, Arizona, walijenga hata misalaba ya saruji yenye upana wa mita kama 18, imepangwa kila maili moja, ili kupima kamera za anga. Ile ni kazi safi. Lakini matokeo yanategemea kibao: mistari ikiwa na tofauti kubwa ya mwanga na giza, filamu inaonekana hodari kabisa; ikiwa na tofauti ndogo, uwezo unashuka sana. Na milima yetu wakati wa kiangazi, pamoja na moshi wa majani yanayochomwa, iko upande wa tofauti ndogo.

Tufanye hesabu kidogo. Picha ya skeli ya 1:40,000, milimita moja juu yake ni mita 40 chini. Filamu ikitenganisha jozi 20 kwa milimita, jozi moja ni mita 2. Nyumba ya majani yenye upana wa mita 4 inachukua sehemu ya kumi ya milimita, yaani jozi mbili tu. Itaonekana kama kinukta, tena kama majani yake yana rangi tofauti na udongo. Ikizungukwa na migomba, sawa na nyumba nyingi za zamani za Bushi, imekwisha kupotea. Na kama ulicho nacho ni nakala ya nakala iliyoshuka mpaka jozi 10, nyumba nzima inaingia katika jozi moja. Usitegemee kuiona hata kwenye udongo mweupe.

Hapo watu wengine wanajibu: «Tumeipitisha kwenye skana ya nguvu, tuko na pikseli ya sentimita 68.» Ni kweli, skana ya nukta 1500 kwa inchi juu ya skeli ile inatoa pikseli ya ukubwa ule. Lakini pikseli ni kipimo cha skana. Kitu ambacho filamu haikukamata, skana haiwezi kukizaa. Nimesoma zaidi ya ripoti moja ambamo ukubwa wa pikseli umeandikwa kwa fahari kama ndio ubora wa picha, bila hata neno moja juu ya filamu. Ni kama kupima mavuno kwa ukubwa wa gunia.

Wapelelezi wenyewe waligundua mapema kwamba kuhesabu mistari hakutoshi. Corona ilianza kwa kuona vitu vya mita kama 12, ikamaliza na mita 1.8. Walipambana na filamu iliyokatika angani mpaka wakabadilisha plastiki yake, na cheche za umeme zilizochafua picha. Lakini swali la wakubwa wao lilikuwa moja: msomaji anaweza kusoma nini humu? Ndiyo sababu miaka ya 1970 walitengeneza mizani inayoitwa NIIRS, yenye ngazi toka 0 hadi 9. Kila ngazi inaelezwa kwa kazi: ukiweza kutambua kitu fulani, picha iko ngazi fulani. Mwaka wa 1996 ikatoka mizani ya kiraia ya namna ile ile, yenye mifano ya kilimo, misitu na miji.

Wazo hili nalisifu bila kusita. Linatoa ubora kwenye maabara na kuuweka mbele ya jicho la msomaji. Linakubali kwamba picha mbili zenye ukali sawa zinaweza kutofautiana kwa faida, sababu moja iko na ukungu na ingine hapana. Mtu asiyejua fizikia anaweza kulielewa.

Lakini soma mifano yenyewe ya mizani ya kiraia, utajua mara moja iliandikwa wapi. Ngazi ya 2 inakuomba utambue mashamba ya mviringo yanayomwagiliwa na mtambo unaozunguka, makubwa kupita eka 160. Ngazi ya 4 inataka utofautishe ghala, silo na nyumba ya mkulima, na uone viwanja vya tenisi. Ngazi ya 5 inataka utambue mashamba ya miti ya Noeli. Ngazi ya 6, useme kama gari dogo ni la aina hii ama ile. Eka 160 ni karibu hektari 65, kipande kile kile ambacho sheria ya Marekani ya 1862 ilimpa kila mlowezi. Hapa Kabare na Walungu, familia nyingi zinalima chini ya hektari moja, na ndani ya kipande kile kuna migomba, maharage, mihogo na kolokazi, vyote pamoja. Katika hektari 65 za mizani ile unaweza kuweka kijiji kizima chenye makaburi yake.

Hiyo si kasoro ndogo ya mifano. Mizani ya kazi inakuwa na nguvu ya kazi ulizoziandika ndani yake, basi. Picha inaweza kupata ngazi ya 4 kwa sababu silo na viwanja vya tenisi vinaonekana, kumbe vitu vinavyoamua haki za mtu wa hapa havionekani: nyumba ya majani, kinjia cha miguu, mpaka wa miyenzi kati ya majirani, mufereji wa kuzuia mmomonyoko. Ile namba 4 inasafiri toka ripoti moja hadi ingine, na kila anayeisoma anafikiri picha imeona yote.

Kuna na mambo ambayo namba moja haiwezi kubeba. Ndege za ramani zinapenda kiangazi, Juni hadi Agosti, sababu mawingu ni machache. Ni wakati ule ule ambapo mazao ya msimu B yamekwisha kuvunwa mlimani na watu wameshuka kulima mabondeni kwenye maji, msimu C. Mutu asiyejua kalenda yetu ataona milima mitupu na kuandika «ardhi iliyoachwa». Saa pia ni jambo: asubuhi kivuli kinafunika miteremko inayotazama magharibi, na korongo lote linaweza kulala ndani ya giza lile. Tena lensi inaona vizuri katikati kuliko pembeni, kwa hiyo kijiji kilichoangukia kona ya picha kinasomeka vibaya kuliko jirani yake wa katikati. Picha moja inaweza kuwa na ubora namna mbili au tatu.

Na tusisahau karatasi. Picha nyingi tunazopata zilichapwa kwenye karatasi, na karatasi inapungua na kujikunja kwa miaka. Ikipungua kwa 0.1% tu, juu ya picha ya sentimita 23 ni karibu robo ya milimita. Kwa skeli ya 1:40,000, hiyo ni mita 9 chini. Fikiria sasa unapima mlima unaoteremka polepole, kama pale Funu, komini ya Kadutu: karatasi peke yake inaweza kukuonyesha mwendo ambao haukutokea. Alama ndogo zilizo pembeni mwa picha ziliwekwa na kamera ili kosa hili lirekebishwe. Anayezikata kwa mkasi ili picha «ipendeze» anaharibu kipimo.

Kwamba kazi nzuri inawezekana, tumeiona. Mwaka wa 2022 Antoine Dille na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Geoscience utafiti juu ya poromoko kubwa la Bukavu. Waliunganisha picha za anga za zamani na za satelaiti za leo, karibu miaka 70, wakaonyesha kwamba ujenzi wa mji wenyewe umebadilisha mwendo wa udongo. Matokeo ya namna ile yanagusa maelfu ya watu wanaolala juu ya udongo unaotembea. Ndiyo maana sitaki picha za chini ya hapo zitumike kwa uzembe, halafu watu wakose kuamini hata zile zilizopimwa vizuri.

Wengine watasema satelaiti za leo zinaona mpaka sentimita 30, tuachane na filamu za wazee. Hapana. Mwaka wa 1958 haurudi, hakuna satelaiti itakayoupiga picha upya. Wengine watasema programu za kisasa zinanoa picha. Zinanoa, ndiyo, lakini nyingine zinajaza mahali patupu kwa kukisia kutokana na picha za nchi zingine. Katika ugomvi wa shamba, kukisia kwa kompyuta kusiitwe ushahidi.

Bon, mimi napendekeza nini? Kwanza, tujiandikie mizani yetu, yenye ngazi tano. Ya kwanza: kutenganisha msitu, majani, shamba na maji. Ya pili: kutofautisha mikaliptisi na msitu wa asili. Ya tatu: kuona mpaka wa shamba la migomba na korongo. Ya nne: kuona kinjia cha miguu na nyumba ya majani kwenye udongo wazi. Ya tano: kuona mufereji wa mmomonyoko, na nyumba iliyo ukingoni mwa migomba. Wasomaji watatu wasome kila mmoja peke yake, na angalau mmoja awe mutu aliyelima mahali pale.

Pili, tupime kwa vitu tulivyo navyo. Hapa kwetu Muhumba kuna nyumba za wakati wa Wabelgiji ambazo zimesimama mpaka leo. Unaweza kupima paa kwa mita ya mkononi, halafu ukaangalia ukingo wake kwenye picha ya zamani umefifia kwa upana gani. Ile ndiyo Casa Grande yetu, haina gharama. Lakini paa la nyumba ya mzungu linang'aa, kwa hiyo litaisifia filamu kupita kiasi. Lazima uongeze kitu chenye tofauti ndogo, kama kinjia cha zamani ambacho bado kipo kwenye majani. Ubora wa kuandika ni ule wa kinjia.

Tatu, na hili ndilo la muhimu: kila picha inayoletwa mbele ya watu ije na karatasi moja inayosema tarehe, saa kama inajulikana, ni nakala ya ngapi, na orodha ya vitu ambavyo picha ile isingeweza kuonyesha hata kama vilikuwepo. Sehemu hii ya mwisho mizani zote nilizosoma zinaikosa. Zinasema msomaji ataona nini. Hazimlazimishi kukiri kile ambacho hangeweza kuona.

Wandugu walio kwenye biro za serikali, kwenye miradi na kwenye vyuo, ninyi ndio mnaotia sahihi. Mkiletewa picha tupu ya mlima na kuambiwa hapakuwa na watu, muulize kwanza: nyumba ya mita nne ingeonekana humu? Kama jibu halipo, muende mulimani muulize wazee migomba ya kwanza ilipandwa na nani.