Hedhi haifukuzi dhahabu

Ukifika Nyarugusu, ile ya Geita yenye maduara, siyo ile ya kambi ya wakimbizi kule Kasulu, huenda ukaisikia: mwanamke aliye kwenye siku zake akisogelea duara, dhahabu inakimbia. Wengine huongeza kwamba mchimbaji aliyelala na mwanamke usiku asishuke asubuhi. Usicheke haraka. Imani kama hii inaamua nani anashuka na kupata mgawo wa mawe, na nani anabaki juu kuponda, kuosha na kuuza chakula.

Hebu tuipime. Hedhi ni damu, ute na utando wa ndani wa mji wa mimba uliobanduka kwa kuwa mimba haikutunga. Basi. Humo hamna kitu cha kuitikisa dhahabu, metali sugu ambayo wachenjuaji huhitaji sianidi ili kuiyeyusha. Dhahabu ya Geita imo kwenye miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Halafu mwangalie mke wa mwenye duara: herini zake za dhahabu hazivui mwezi mzima. Zimekimbia?

"Mbona siku ile alipita, na kweli tukakosa?" Hapo ndipo watu wengi wanaponaswa, kwa hiyo chukua kalamu. Hedhi huchukua kama siku 5 katika 28. Tuseme karibu na duara kuna wanawake 12 wa umri wa kuzaa, kila mmoja na tarehe zake. Kwa wastani, leo wawili wako kwenye siku zao. Uwezekano wa kutokuwepo hata mmoja ni kama 9 katika 100. Yaani duara likikauka, karibu kila mara wa kusingiziwa yupo. Na siku mawe yakitoka na mali? Walikuwepo vilevile, ila hakuna aliyeuliza. Mkanda wa dhahabu wenyewe hunenepa, hukonda, hukatika. Hayo ni mambo ya mwamba.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hatari halisi kwa mwili ipo palepale, nayo ni zebaki. Kuna wanawake wanaoikanda kwa mikono mitupu kwenye mialo, kisha inachomwa, wakati mwingine nyumbani, jirani na jiko la ugali. Kiasi cha asilimia 80 ya mvuke wake unaovutwa hubaki mwilini. Hufika kwenye ubongo na figo, na kwa mjamzito huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na chombo kilichofungwa cha kunasa mvuke hupunguza sana hatari hiyo.

Lakini bado sijasikia mwiko wa kumzuia mjamzito asisogee pale zebaki inapochomwa.