Vyuma Viwili, na Sinki Halining'inii Tena

Nimeviona, nimevishika, nimevifunga kwa mkono wangu, na kunyamaza siwezi! Ni vyuma viwili tu vya kubebea sinki, vinarefuka na kufupika kwa kuvutwa, lakini tangu Jumamosi kila nikifika kwa dada yangu Tabata nafungua kabati la jikoni nivitazame.

Mwenye sinki lililofungwa chini ya kaunta ya granaiti anaijua hofu yenyewe. Sinki la aina hiyo halilazi ukingo wake juu ya jiwe, linaning'inia. Mafundi wengi hulibandika kwa silikoni, wakaliegemeza kwa mbao mpaka gundi ikauke, wakaenda zao. La dada lilifungwa hivyohivyo. Mwaka haujaisha, upande mmoja ulikuwa umeachia mwanya wa kuingiza kucha, maji yanachuruzika kabatini, ubao umevimba kama mkate uliolowa. Na hebu piga hesabu: sinki la sentimita 80 kwa 45, kina 20, likijaa ni lita 72. Lita moja ya maji ni kilo moja. Hapo sufuria ya pilau bado haijatumbukizwa!

Sasa tazama vyuma hivi. Kila kimoja kinapita chini ya sinki kutoka ubavu mmoja wa kabati hadi wa pili, ncha zinakazwa kwa skrubu, na juu yake zimesimama boliti mbili zenye vichwa vya mpira. Unazungusha spana, mpira unagusa sinki, sinki linapanda taratibu, robo mzunguko kwa robo mzunguko, mpaka, jamani, mwanya unafumba mbele ya macho yako na silikoni inachungulia pembezoni! Granaiti haikutobolewa hata tundu moja. Nilipiga makofi peke yangu.

Silikoni bado inatakiwa, ila kazi yake sasa ni kuzuia maji. Mzigo umebebwa na chuma. Tulilishusha sinki, tukakwangua gundi yote ya zamani, tukafuta kwa spiriti, tukapaka mpya ndipo tukakaza. Nunua isiyonuka siki, kwa sababu ile yenye harufu hiyo hutoa asidi inapokauka na jiwe linaweza kuingia doa. Kisha iache saa 24. Dada alitaka kuosha vyombo usiku uleule, tukamzuia mlangoni!

Kasoro ni moja: ubao uliokwisha kulowa haushiki skrubu, hivyo tulianza kwa kufunga kipande cha mninga kila ubavu.

Jumapili usiku tulilijaza sinki hadi juu, nikapitisha karatasi ya shashi chini ya ukingo mzima. Ilitoka kavu kabisa!

Nawe fungua kabati lako leo, pitisha kidole palepale. Kikirudi kimelowa, mwite fundi, na mwambie aje na vyuma.