Madaftari ya marehemu rafiki yetu na neno alilokataa kulibadilisha

Rafiki yetu alifariki mwaka jana hapa Maskati. Baada ya khitma watoto wake walitukabidhi sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda chake. Ndani yake mlikuwa na madaftari manne aliyoyaandika kwa mkono, na michoro kumi na minne ya penseli na wino. Walitutaka tuyasome na tuseme tunayaonaje. Marehemu aliusia jina lake lisitajwe katika chochote kitakachoandikwa juu yake, kwa hivyo nasi tutamwita marehemu tu. Waliomjua watamjua.

Hii si taazia. Tumekaa na kazi yake miezi kadhaa, na tutasema palipo pazuri na palipopungua, kwani mwenyewe hakuwa mtu wa kusifu bila ya kupima. Itatubidi pia tuseme kosa letu, kwa sababu limo humo humo madaftarini.

Madaftari matatu ya kwanza ni tafsiri ya Kiswahili ya kumbukumbu za Sayyida Salme binti Said, kitabu kilichotolewa Berlin mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete. Wasomaji wa jarida hili wanakijua kisa chake: kuzaliwa Mtoni mwaka 1844, kuondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza mwaka 1866, kuolewa Aden na Mjerumani Heinrich Ruete, kufiwa na mume mwaka 1870 akiwa na watoto watatu katika nchi ya ugeni, na kufariki Jena mwaka 1924. Daftari la nne ni la marehemu mwenyewe, na tutalifikia.

Kwa nini alichagua kitabu hiki? Marehemu aliondoka Unguja akiwa msichana, baada ya 1964, akaja Oman katika miaka ya sabini kama wengi wetu, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi. Alisomesha watoto wa kike mpaka alipostaafu. Sayyida Salme anasema katika dibaji kwamba alianza kuandika kwa ajili ya watoto wake, ambao hawakuijua nyumba aliyotoka. Marehemu alikuwa na wajukuu ambao ukiwaamkia kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiarabu, na wengine kwa Kiingereza. Alisema amempata mtu wa kukaa naye.

Kiswahili chake ni cha mjini Unguja, kile cha mama zetu, na mlango wa Mtoni ndio uliomtoka vizuri zaidi. Ua wa Mtoni, na swala na tausi na mabata waliokuwa wakitembea humo, umeandikwa kwa utulivu kama mtu anayeelezea uani kwao. Benjle, pale mbele ya bahari alipozoea Sayyid Said kutembea huku na huko akiwaza, ameliacha jina lake lile lile bila ya kulitafutia jingine, na amefanya vyema. Mahali Salme anapoeleza jinsi alivyojifunza kuandika kwa siri, kwa kunakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, marehemu anaandika kwa sentensi fupi fupi, kana kwamba naye anaogopa kusikika. Hapo unamwona mwalimu wa watoto wa kike.

Upungufu nao upo. Wa kwanza ni kwamba alifasiri kutoka Kiingereza, si kutoka Kijerumani, na tafsiri ya tafsiri ni kama maji yaliyopita katika mitungi miwili. Wa pili ni mkubwa zaidi. Salme aliwaandikia Wajerumani. Kila ukurasa anawaeleza wageni mambo yetu: jinsi tunavyokaa, tunavyokula, tunavyooana. Marehemu aliyapunguza maelezo hayo, kwa hoja kwamba Mswahili hahitaji kuelezwa ukumbi ni nini. Ni kweli hahitaji, lakini maelezo yakiondoka anaondoka na yule mwanamke aliyesimama peke yake mbele ya wageni akiwatetea watu wake. Msomaji wa tafsiri hii anaiona nyumba vizuri, na hamwoni vya kutosha anayeisimulia, wala aliowasimulia.

Jambo hilo lina uzito hasa katika mlango wa utumwa, na hapo ndipo tulipogombana.

Katika mlango huo Salme anautetea utumwa wa kwetu. Anawaambia Wazungu wasiulinganishe na ule wa Amerika, na kwamba kuufuta kwa ghafla kutawadhuru wenye mali na wenyewe walioachwa huru. Aliyaandika hayo miaka 13 baada ya Sayyid Barghash kutia saini, mwaka 1873, mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja, na miaka 11 kabla ya amri ya 1897 iliyoiondolea hali ya utumwa nguvu ya kisheria.

Sisi tulikuwa tukikutana kwake kila wiki baada ya laasiri, kwa kahawa na halua, naye hutusomea alipofika. Siku aliyousoma mlango huo hatukumaliza kahawa. Mkubwa wetu alimwambia: Mwanangu, haya ya nini? Sote tuliokuwapo tulipoteza jamaa na nyumba mwaka 1964, na fimbo tuliyopigiwa, sisi na wazee wetu ambao hawakuwa na shamba wala mtumwa, ilikuwa ni hiyo hiyo ya utumwa. Leo tuiandike wenyewe, kwa Kiswahili, tuwape wajukuu waisome?

Tulimwomba auache mlango huo. Alikataa. Tukamwomba basi abadilishe neno. Badala ya mtumwa, mtwana na mjakazi, aandike watumishi, au watu wa nyumbani, kama walivyokuwa wakisema wazee kwa adabu. Akajibu kwamba mtumishi hupokea mshahara, na akitaka huaga akaenda zake. Mtu asiyeweza kuaga ana jina lake katika lugha yetu, nalo hakulitunga yeye. Mmoja wetu aliondoka bila ya kuaga, na sisi wengine tukapunguza kwenda, kwa udhuru wa wajukuu na joto. Tulirudi alipougua. Hatukuyazungumza tena, na sasa hatutoyazungumza.

Tumeusoma upya mlango ule peke yetu, mara mbili. Kuna pahala alipokosea: ametia maneno yake mwenyewe ndani ya maneno ya Salme, ya kumlaumu, bila ya kumwonyesha msomaji nani anasema. Hiyo si amana ya mfasiri. Angeweza kuyaweka pembezoni, nasi tungemwambia hivyo siku ile kama tungebaki kusikiliza. Hata hivyo, katika neno lenyewe tunakiri kwamba haki ilikuwa yake. Tungeandika watumishi, utetezi wote wa Salme ungekuwa hauna maana, kwani nani anahitaji kutetea watumishi? Neno laini tulilolitaka lingemficha hata Salme mwenyewe.

Na tulichokosa kabisa kukiona siku ile kimo katika michoro. Mchoro wa tatu ni kiganja cha mtoto, na juu yake jino moja dogo. Hakuna kingine. Tuliuzungusha huku na huku mpaka mmoja wetu akakumbuka. Salme anasimulia kwamba mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi, mtoto wa mkulima. Wazazi wake waliuawa na watekaji, na watoto wakachukuliwa na kutenganishwa. Akaingia katika nyumba ya Sayyid Said akiwa na umri wa miaka saba au minane, kwani jino lake la kwanza lilitokea kung'oka humo. Akakulia na mabinti wa Sayyid, akajifunza kushona pamoja nao, baadaye akawa suria na akamzaa Salme.

Kwa hivyo mtetezi wa utumwa alikuwa binti wa mtoto aliyetekwa. Kisa cha mama yake anakisimulia kwa huruma kubwa mwanzoni mwa kitabu, na mlango wa utumwa uko mbali kabisa na kisa hicho, kana kwamba havijuani. Marehemu alivikutanisha. Aliuweka mchoro wa jino ndani ya daftari la tatu, pale pale mlango wa utumwa unapoanza. Maneno yake ya hasira aliyoyatia ndani ya tafsiri hayakuhitajika, kwani jino linatosha. Hii ndiyo hukumu yetu juu ya kazi yake yote: alipohoji kwa maneno alizidisha, na alipochora alisema kadiri.

Michoro mingine haiko sawa sawa. Nyuso hakuziweza. Sayyid Said wake ni ndevu na kilemba tu. Mikono ndiyo aliyoijua. Katika mchoro wa ua wa Mtoni tausi wako nyuma, wadogo, na mbele yao ni mikono miwili imeshika ufagio, ikifagia walipopita. Katika kitabu ua ule una ndege na wana wa kifalme, na anayeusafisha hatajwi. Tunapojivunia majumba yetu katika kurasa kama hizi, tunafanya lile lile. Tunahesabu milango ya nakshi, na hatuulizi nani alikuwa akiifungua asubuhi.

Tumefika kwenye daftari la nne. Ni kumbukumbu za nyumba yao Unguja, na sehemu kubwa ni ya mambo tuliyoyasikia kwake: Idi, shule, mvua za masika, harufu ya karafuu juu ya majamvi. Imeandikwa vizuri, ingawa wengi wetu tungeweza kuiandika. Kurasa tatu za mwisho hatungeweza. Zinahusu jikoni, na mwanamke aliyekuwa akimkogesha, akimsuka na kumtolea hadithi usiku huku nazi zikikunwa kwa ajili ya kesho. Watoto wote walimwita Bibi. Mama yake Bibi alizaliwa katika nyumba ile ile, mzalia, kabla ya 1897. Sheria ilipobadilika hakuna aliyeondoka, kwani hapakuwa na pa kwenda.

Marehemu anaandika kwamba yeye aliweza kuhesabu babu zake saba mpaka kijiji chao cha Oman. Wa Bibi alijua jina moja tu, la yeye mwenyewe, katika yale majina waliyopewa watu kama wao: Faida, Baraka, Zafarani. Kwao kulikuwa wapi, hakuuliza. Alikuwa mtoto, kisha akawa mbali. Walipoondoka, Bibi ndiye aliyebaki na funguo. Baada ya hapo ana sentensi moja iliyokatwa kwa wino, hatukuweza kuisoma, na daftari linaishia hapo.

Kurasa hizo tatu ndizo bora katika alichokiacha. Hazimlaumu mtu na hazimtetei mtu. Mapenzi yake kwa Bibi hayakumzuia kusema Bibi alikuwa nani katika nyumba ile, na kusema hivyo hakukupunguza mapenzi. Sisi tulidhani hayo mawili hayakai pamoja. Tuliogopa kwamba tukilitaja neno tutakuwa tumewapa hoja waliotutendea ya 1964. Yeye alipoteza kama tulivyopoteza, na baba yake alimzika ugenini, lakini aliona kwamba dhuluma tuliyofanyiwa haifuti ile iliyokuwa jikoni kwetu, wala ile ya jikoni haihalalishi tuliyofanyiwa. Kila moja ina daftari lake, na msomaji apewe yote.

Madaftari yamerudi kwa watoto wake, nao wanataka tafsiri ichapishwe. Rai yetu tumewapa. Mtu anayejua Kijerumani aipitie, maelezo aliyoyapunguza yarejeshwe, maneno yake ya lawama yatolewe ndani ya matini na yawekwe chini ya ukurasa kwa jina lake. Mlango wa utumwa ubaki mzima, na mtumwa abaki mtumwa. Mchoro wa jino uwekwe pale pale alipouweka.

Na kwa wasomaji tuna ombi moja. Wengi wenu mna makaratasi ya wazee: wasia, hati za wakfu, barua. Humo mara nyingine yamo majina ya walioachwa huru na walioachiwa nyumba au shamba la kuishi. Tafadhali yatazameni tena, msitafute ya babu zenu peke yake. Mkiona jina la mwanamke wa jikoni, liandikeni, na kama kuna aliye hai anayejua kwao kulikuwa wapi, muulizeni leo. Sisi tumeanza. Mkubwa wetu, aliyemuuliza marehemu haya ya nini, ndiye aliyetuletea jina la kwanza.

Mwenyezi Mungu amrehemu rafiki yetu, amrehemu na Bibi aliyemlea, na atusamehe alasiri zile tulizoacha kwenda.