Barua Iliyochelewa: Je, Mwisho wa Romeo na Juliet ni Sadfa Tu?

Tamthilia ya Romeo na Juliet, ambayo William Shakespeare aliiandika katika miaka ya 1590, hukosolewa mara kwa mara kwa sababu ya mwisho wake. Wanaoikosoa husema kwamba tanzia ya kweli hutokana na kosa la mhusika mkuu, ilhali hapa wapenzi wawili wanakufa kwa kuwa barua haikufika. Mjumbe angefika Mantua, wangeishi. Kwa hiyo kilichowaua ni sadfa, na sadfa ni msingi dhaifu wa tanzia. Hoja hii ina uzito, na mimi mwenyewe niliwahi kuikubali. Hata hivyo, ukilisoma onyesho la mwisho lote, bila kuishia pale Juliet anapojichoma kisu, utaona kwamba barua si kiini cha tatizo.

Tuanze na sadfa yenyewe. Padri Laurence anampa Juliet dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42, kisha anamtuma Padri John ampelekee Romeo habari. John anafungiwa katika nyumba inayoshukiwa kuwa na tauni. Wakati huohuo Balthasar, mtumishi wa Romeo, anawahi Mantua na habari aliyoishuhudia kwa macho yake: Juliet amelazwa kaburini. Ni kweli kwamba tauni haihusiani na ugomvi wa koo mbili. Lakini kwa nini uhai wa watu wawili ulitegemea karatasi moja? Balthasar angeupeleka ukweli kama angeujua. Yaya anajua habari ya ndoa, lakini hajui habari ya dawa. Wazazi hawajui lolote. Kila mmoja ana kipande chake, na wanaojua yote ni Padri Laurence na Juliet peke yao. Siri hiyo haikuletwa na bahati mbaya. Ililetwa na uhasama uliofanya ndoa halali iwe jambo la kufichwa. Tauni iliziba mlango mmoja. Uhasama ulikuwa umekwisha kuziba mingine yote.

Jambo la pili ni haraka. Shakespeare alikichukua kisa hiki kutoka katika utenzi wa Arthur Brooke wa mwaka 1562, ambamo matukio yanachukua miezi. Yeye aliyabana katika siku chache, na Juliet, ambaye kwa Brooke ana umri wa miaka 16, hapa hajatimiza 14. Katika mbano huo kila mtu anakimbia. Capulet anairudisha nyuma kwa siku moja arusi ya binti yake na Paris, na hivyo kupunguza muda wa mjumbe. Romeo naye, baada ya kupata habari ya kifo, anauliza kama kuna barua kutoka kwa padri. Anaambiwa hakuna. Hangoji. Anakwenda moja kwa moja kwa muuza dawa maskini kununua sumu. Hapo lipo kosa la mhusika ambalo wakosoaji wanalitafuta. Ila si lake peke yake, kwani amelelewa katika mji ambao wakubwa wenyewe hawangoji.

Baada ya vifo, Padri Laurence anasimulia kisa chote mbele ya Mtawala Escalus. Waongozaji wengi huyafupisha maelezo haya kwa kuwa mtazamaji anayajua tayari. Wengine hubadilisha mkazo kabisa: David Garrick, katika toleo lake la mwaka 1748, alimwamsha Juliet kabla Romeo hajafa ili wazungumze, na filamu ya Baz Luhrmann ya 1996 pia inamwamsha mapema na kuuacha upatanisho wa familia. Machozi yanaongezeka, lakini maana inapungua. Mtazamaji anajua, sawa. Capulet na Montague hawajui. Hii ndiyo mara ya kwanza katika tamthilia nzima ukweli wote kusemwa hadharani. Tena iko barua nyingine, ambayo Romeo alimwandikia baba yake. Hii inafika, na mtawala anaisoma wakati ambapo haiwezi kumwokoa yeyote. Ujumbe wa kuokoa ulikwama; ujumbe wa kueleza umefika salama. Kinaya hicho hakiwezi kuitwa sadfa.

Je, amani inayofuata ni ya kweli? Hapa natofautiana na wenzangu wanaosema kwamba mapenzi yameshinda. Capulet anaomba mkono wa Montague na kuuita mahari ya binti yake. Montague anajibu kwamba anaweza kutoa zaidi: atasimamisha sanamu ya Juliet ya dhahabu tupu. Papo hapo Capulet anaahidi kwamba ya Romeo haitapungua thamani. Maiti zingali mbele yao, na wazee wanapandishiana dau. Sikatai kwamba wanasikitika. Mke wa Montague amekufa usiku huohuo kwa uchungu wa mwanawe kufukuzwa mjini. Lakini lugha wanayoijua ni ileile ya kushindana, na watoto waliokosa kusikilizwa wakiwa hai sasa watatengenezewa sanamu, ambazo hazisemi. Escalus peke yake anakiri kosa: aliufumbia macho ugomvi, naye amepoteza jamaa wawili, Mercutio na Paris.

Kwa kuhitimisha, mwisho huu si dhaifu. Sadfa ipo, lakini iliwakuta watu waliokwisha kupokonywa kila njia nyingine. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Capulet, aliyezika watoto wake wengine wote kabla ya Juliet, sasa hatapata mjukuu mwingine isipokuwa huyo. Tunapoijadili tamthilia hii darasani, tusiishie kumlaumu mjumbe aliyechelewa. Tuwaulize pia waliofanya ujumbe upelekwe kwa siri.