Kuitambua Mbege Njema ya Krismasi

Ikifika katikati ya Desemba, stendi ya mabasi ya Mbezi jijini Dar es Salaam hujaa watu wa Kilimanjaro wanaorudi nyumbani. Wengine hupanda treni, iliyoanza tena kubeba abiria kwenda Moshi Desemba 2019. Huko juu wanasubiriwa na mbuzi, mtori na mbege. Mbuzi akiungua kidogo bado ataliwa. Mbege ikiwa mbovu, wazee wanaondoka mapema.

Mbege ni ndizi mbivu zilizochemshwa mpaka zikawa nyekundu na kuachwa siku kadhaa zichachuke, uji wa kimea cha ulezi, na gome la mti wa msesewe. Ndizi karibu kila mgomba unakupa. Anayepika vizuri utamjulia kwenye ulezi.

Ulezi unatakiwa ulowekwe, uoteshwe hadi utoe vijizizi, kisha uanikwe ukauke kabisa kabla ya kusagwa. Kuota huko ndiko kunakofanya wanga wa punje ugeuke sukari, na sukari ndiyo inayozaa pombe. Ulioanikwa nusunusu huvunda, na harufu ya ukungu haifichiki hata kwa ndizi tamu namna gani. Usipopepetwa na kuoshwa, unakuja na mchanga. Bibi yangu, aliyepika mbege Kirua Vunjo miaka mingi, hakuanza kwa kuonja. Alichovya vidole viwili, gumba na shahada, akavisugua taratibu karibu na sikio. Vikikwaruza, alirudisha kata bila neno. Nami hufanya hivyo hadi leo, na sijawahi kujuta.

Halafu itazame. Rangi iwe ya kahawia yenye wekundu kidogo, chembe za ulezi zikielea juu, povu jepesi pembeni. Ikiwa nyeupe-nyeupe na inatuama upesi kama chokaa, nashuku unga wa mahindi umechukua nafasi ya ulezi. Inuka na kata yako, tafuta kwingine.

Ukionja, utamu wa ndizi utangulie, uchachu ufuate, na mwisho kabisa uchungu wa msesewe ubaki nyuma ya ulimi, kidogo tu, kiasi cha kukufanya utake funda la pili. Msesewe ukizidi, mdomo mzima unakauka. Ukikosekana, unakunywa uji wa ndizi. Kuna wanaoficha ndizi chache kwa sukari ya dukani. Utamu wake unakuja wote mara moja kisha unakatika, na chini yake hakuna kitu. Huo kwangu ni wizi, hasa kwa mgeni aliyesafiri siku nzima.

Chombo nacho kina lake. Pipa lililowahi kubeba mafuta ya taa au dizeli halisafishiki, hata lisuguliwe kwa majivu wiki nzima. Nusa kabla hujapokea.

Na usiinywe baridi. Jokofu huua harufu, na harufu ni nusu ya mbege. Kata ya kibuyu naipenda kuliko jagi la plastiki, ila mbege njema hubaki njema hata kwenye jagi. Mwenye nyumba aonje kwanza mbele ya wageni, kisha ampe mkubwa kuliko wote. Desturi hiyo isiachwe, maana ndiyo inayompa mgeni amani ya kunywa.

Siku ya kwanza baada ya kuchanganywa ndiyo yake. Siku ya pili ni kali na chachu, wapo wanaoipenda. Siku ya tatu mwachie mwenyewe.

Kwa hiyo usingoje ufike ndipo uulize. Ndizi zinahitaji kuiva, kuchemshwa na kukaa, na ulezi nao una siku zake za kuota. Ukitaka mbege ya tarehe 25, mpigie mama mpika pombe wako kabla ya tarehe 15, na umtumie hela ya ulezi siku hiyohiyo.