Kijivu chenye daraja saba

Printa ya kawaida ikitakiwa kutoa picha ya nyeusi na nyeupe, mara nyingi huunda kijivu kwa kuchanganya samawati, majenta na manjano. Balaa huanzia hapo: picha iliyotulia vizuri juani huweza kuonekana ya kijani chini ya taa ya dukani.

Jon Cone, mchapaji wa sanaa wa Vermont, Marekani, anastahili pongezi kwa kulikabili tatizo hilo kwenye wino wenyewe. Katika mfumo wake wa Piezography, wino za rangi huondolewa na mahali pake huwekwa wino za kaboni zinazotofautiana ukolezi. Toleo la K7 lina daraja saba, kutoka nyeusi ti hadi kijivu hafifu kabisa. Ngozi ya uso hutoka laini, bila vitone.

Mwelekeo wa rangi nao huchaguliwa. Kaboni tupu huelekea kahawia. Seti ya wino iitwayo Selenium huipoza picha.

Roy Harrington naye apewe haki yake. Programu yake, QuadTone RIP, humwezesha mchapaji kuamua kila wino uanzie na kuishia wapi, hata vivuli vikabaki na joto huku sehemu za mwanga zikielekea ubaridi. Kazi hiyo hudai karatasi za majaribio, subira hadi wino ukauke, kisha kupima upya.