P0171: Hewa Isiyohesabiwa

Gari lilipofika kwangu, taa ya injini ilikuwa imeshawaka mara ya pili. Gereji ya kwanza ilisoma kodi P0171, ikabadilisha sensa ya oksijeni, ikafuta kodi. Siku mbili tu, taa ikarudi. Mwenye gari alikuja na sensa ya zamani ameifunga kwenye gazeti, akaniuliza: "Fundi, au hii mpya wameniwekea feki?"

Haikuwa feki. Kwa kawaida P0171 husubiri hitilafu ijirudie safari mbili mfululizo ndipo taa iwake, kwa hiyo kimya cha siku mbili baada ya kufuta kodi si dalili ya kupona.

Herufi P inahusu injini na gia boksi. Sifuri inaonyesha kodi ni ya mfumo wa pamoja wa watengenezaji, ule ambao Marekani iliulazimisha kwa magari mapya kuanzia modeli za 1996. Moja inayofuata inaelekeza kwenye hewa na mafuta. Kwa ujumla P0171 inalalamika kwamba hewa imezidi mafuta. Petroli huungua sawasawa kwa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta, kwa uzito, na sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi ndiyo iliyogundua kuwa uwiano umeharibika. Kuing'oa ni sawa na kumfukuza mlinzi aliyepiga kelele kwamba mwizi yumo ndani. Jambo hili linaniuma, kwa sababu hela inayopotea ni ya mteja.

Kabla ya kufuta chochote, nilifungua kumbukumbu ambayo kompyuta huihifadhi kodi inapoingia. Mwendo 0, injini mizunguko 700 kwa dakika, joto nyuzi 88. Gari lilikuwa limesimama, injini imeshapata moto, iko sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta. Ukifuta kodi, kumbukumbu hii nayo inakwenda, na hapo ndipo wengi wanapojinyima jibu.

Nikawasha injini nikatazama marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko ukae sawa. Ikiwa sailensi, ya muda mrefu ilisoma +22 na ya muda mfupi +8. Nikakanyaga mafuta hadi mizunguko 2500 nikaishikilia. Jumla ikashuka taratibu mpaka +6.

Mshuko huo ndio uliomaliza nusu ya kazi. Pampu ikichoka au chujio la mafuta likiziba, upungufu huzidi pale injini inapodai mafuta mengi. Hapa ulipungua. Injini hii, ya cc 1500, ina sensa inayopima hewa baada ya chujio, na hewa inayopenya baada ya sensa hiyo haihesabiwi. Injini ikiwa sailensi huvuta hewa kidogo, hivyo tundu dogo huchangia sehemu kubwa. Ukikanyaga mafuta hewa halali huwa nyingi, na ile ya tundu haionekani sana.

Nikapuliza dawa ya kusafishia kabureta, kidogo kidogo, kwenye kila mpira unaoingia manifodi. Dawa hii hushika moto haraka, kwa hiyo kaa mbali na ekzosi na uwe na kizima moto karibu. Nilipofika kwenye mpira unaorudisha mvuke wa injini kwenye manifodi, muungurumo ulibadilika na marekebisho ya muda mfupi yakaporomoka. Nikauchomoa. Kwa juu ulikuwa mzima, mweusi, safi. Nilipoukunja, upande wa chini wa kona ukafunguka ufa wa urefu wa ukucha.

Mpira mpya uliuzwa shilingi elfu nane. Nikaufunga, nikafuta kodi, nikamwomba mwenye gari alitumie kama kawaida, foleni na barabara kuu. Siku ya nne alirudi. Hakukuwa na kodi, hata ile inayosubiri kuthibitishwa, na marekebisho ya muda mrefu kwenye sailensi yalisoma +3.